Mwenye Mbio Alipojifunza Kusimama

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama wetu anayeishi California, mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, baada ya chakula cha jioni.)

Ndugu Mwenyekiti, waalimu wetu mliotufundisha, ndugu zangu tuliolala bweni moja na tuliopishana miaka, na akina mama mliokubali kuja kusikiliza habari za shule ambazo bila shaka mmekwisha kuzisikia mara nyingi nyumbani:

Katibu aliponiandikia alinitaka nizungumze juu ya michezo na masomo, nisizidishe nusu saa, na nisiwachoshe kwa habari za baridi ya Marekani. Nitajitahidi kutii yote matatu. Lakini kwa kuwa nimekaa California tangu mwaka 1983, na huko mchezo unaopendwa kupita yote si kandanda hii yetu, nimeona niwaletee habari ya mchezaji mmoja wa huko. Anaitwa Steve Young. Nimemchagua kwa sababu maisha yake yananipa hoja juu ya jambo moja la chama chetu, nami nitalifikia kabla sijaketi.

Kwanza hapana budi niueleze mchezo wenyewe, maana najua wengi wenu mmeuona kwenye televisheni mkadhani ni ugomvi uliokosa polisi. Watu 11 hupambana na 11. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea yadi 10. Ikifaulu, hupewa nafasi nne nyingine. Ikishindwa, mpira huenda kwa wapinzani. Sisi tulikuwa na fulubeki na hafubeki. Wao wana kwotabeki, naye ndiye kiongozi wa mashambulizi. Kila mara mchezo unapoanza, mpira huwekwa mikononi mwake. Papo hapo majitu ya upande wa pili, mengine yenye kilo 130 na zaidi, humjia mbio yakiwa na nia moja tu, ya kumbwaga chini.

Wenzake watano wenye miili mikubwa husimama mbele yake na kumzunguka, wakimzuilia hatari. Ile nafasi ndogo aliyoachiwa katikati yao Wamarekani huiita mfuko. Sisi wa huku tungeweza kuiita boma. Boma hilo halidumu. Kwa kawaida husimama sekunde mbili na nusu, labda tatu, kisha huvunjika. Ndani ya muda huo kwotabeki atazame mbele, aone wapinzani wamejipanga namna gani, amtafute mpokeaji wa kwanza. Kama amebanwa, amtafute wa pili. Kama naye amebanwa, wa tatu. Halafu arushe mpira mahali ambapo mwenzake hajafika bado ila atafika. Na wakati wote huo asiyatazame yale majitu.

Sasa fikirini kijana mwenye miguu myepesi yuko ndani ya boma hilo. Anamtazama mpokeaji wa kwanza, anamwona amebanwa. Miguu inamwambia, "Twende." Anatoka mbio, anawakwepa watatu, anapata yadi 12, na uwanja mzima unasimama kumshangilia. Nani atamwambia kwamba amekosea? Hata hivyo yule mpokeaji wa pili alikuwa wazi kabisa yadi 30 mbele, naye hakuonekana. Na kijana huyo, kwa kuwa kila mara miguu inamwokoa, hajifunzi kamwe kumwona.

Hiyo ndiyo iliyokuwa hali ya Steve Young. Alizaliwa Salt Lake City mwaka 1961, akakulia Greenwich katika jimbo la Connecticut. Shuleni kwake timu ilicheza kwa kukimbia, wala pasi hazikuwa nyingi. Alikwenda Chuo Kikuu cha Brigham Young, ambacho kimepewa jina la mmoja wa mababu zake, lakini ukoo haukumsaidia uwanjani. Katika orodha ya makwotabeki wa chuo alikuwa wa nane. Tena alitumia mkono wa kushoto, jambo ambalo baadhi ya waalimu wa mchezo ule hawakulipenda. Ikafikiriwa ahamishwe upande wa ulinzi, huko mbio zake zitumike bila kumsumbua mtu. Hakukubali kukata tamaa. Alimtazama kwa makini kwotabeki wa kwanza wa chuo, Jim McMahon, namna anavyopanga miguu na namna anavyoachia mpira, akafanya mazoezi ya kurusha hata majira ya baridi wengine walipopumzika. Mwaka 1983, mwaka wake wa mwisho, pasi zake 306 kati ya 429 zilifika kwa wenzake, yaani zaidi ya 71 katika kila mia.

Mtasema basi, ndugu zangu, alikwisha kujifunza. La, hasha. Aliingia kwenye mchezo wa kulipwa, kwanza katika ligi mpya ambayo haikudumu, kisha mwaka 1985 akajiunga na timu ya Tampa Bay, ambayo wakati huo ilikuwa miongoni mwa timu dhaifu kabisa. Huko boma lilivunjika kabla halijajengwa. Kijana akarudi kwenye tabia yake ya kwanza, akakimbia kuokoa roho. Katika miaka miwili alianza michezo 19, timu ikashinda 3 tu. Pasi zake 11 zilizaa mabao, na 21 zilinaswa na wapinzani. Mwaka 1986 alikimbia yadi 425, hesabu nzuri sana kwa kwotabeki, lakini wahenga wetu walikwisha kusema kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Timu ikaamua imchukue kijana mwingine, naye akauzwa.

Aliyemnunua mwaka 1987 ni Bill Walsh, mwalimu wa San Francisco 49ers. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo penye kiini cha maneno yangu. Wengine walikuwa wameona mkimbiaji anayerusha vibaya. Walsh aliona mrushaji ambaye hajapata mahali pa kusimama. Mtindo wake wa kucheza ulikuwa kama saa ya ukutani. Kwotabeki hurudi nyuma hatua tatu, au tano, au saba, na kila idadi ya hatua imefungwa na safari ya mpokeaji fulani. Mguu wa mwisho ukitua, mpira unapaswa kuondoka. Kwa hiyo miguu ya kwotabeki haikuwa ya kukimbilia tu, ilikuwa ya kuhesabia. Miguu ile ile iliyokuwa ikimtorosha ndiyo aliyofundishwa kuitumia kama kipimo cha wakati.

Lakini timu hiyo ilikuwa na kwotabeki wake tayari, tena si kwotabeki hivi hivi. Alikuwa Joe Montana, ambaye kwa wakazi wa San Francisco alikuwa karibu na mtakatifu. Kufikia Januari 1990 Montana alikuwa ameshinda fainali kuu, ile iitwayo Super Bowl, mara nne. Young akakaa kwenye benchi miaka minne, tangu 1987 hadi 1990, akiingia pale tu mwenzake alipoumia au mchezo ulipokwisha kuamuliwa.

Tarehe 30 Oktoba 1988 jirani yangu alinipa tiketi ya kwenda uwanja wa Candlestick, uwanja ambao sasa umekwisha kubomolewa. (Katibu, ile baridi nimeiruka.) Montana alikuwa na maumivu, Young akaanza. Walicheza na Minnesota. Zikiwa zimebaki kama dakika mbili, 49ers wako nyuma, Young alirudi kurusha, boma likafumuka, naye akachomoka. Alimpita mmoja, akampita wa pili, akakata kushoto, akakata kulia, hata nikapoteza hesabu ya waliomgusa. Alikimbia yadi 49. Zilipobaki chache nguvu zikamwisha, akapepesuka kama mtu aliyetoka kilabuni, akaanguka ndani ya mstari wa bao. Walishinda 24 kwa 21. Mzee mmoja aliyeketi mbele yangu alishangilia mpaka kofia ikamdondoka, kisha akageuka akaniambia kwamba hayo ni maajabu, lakini Montana angerusha. Nililikumbuka neno hilo kwa miaka mingi.

Mwaka 1991 Montana aliumia kiwiko, na Young akapata kiti. Wamarekani wana hesabu yao ya kumpima mpiga pasi. Huangalia mambo manne: pasi ngapi katika mia zilifika, kila pasi ilileta yadi ngapi, ngapi zilizaa mabao, na ngapi zilinaswa. Alama ya juu kabisa ni 158.3, na mtu akipita 100 kwa mwaka mzima amefanya kazi kubwa. Kule Tampa, mwaka 1986, Young alipata 65.5. Mwaka 1991 alipata 101.8, mwaka 1992 akapata 107.0 na kuchaguliwa mchezaji bora wa ligi. Mwaka 1993 akapata 101.5. Miaka yote hiyo aliongoza ligi nzima. Hata hivyo watu hawakuridhika. Mara mbili mfululizo, katika misimu ya 1992 na 1993, timu ilifika mlango wa fainali ikafungwa na Dallas. Montana alikuwa amehamia Kansas City, na Septemba 1994 timu hizo mbili zilipokutana, mzee akamshinda kijana 24 kwa 17. Mnaweza kufikiri magazeti yaliandika nini.

Wiki tatu baadaye, tarehe 2 Oktoba 1994, walifungwa na Philadelphia 40 kwa 8 nyumbani kwao. Walinzi wake kadhaa walikuwa majeruhi, akawa anaangushwa mara kwa mara, na mwalimu George Seifert akamtoa uwanjani mchezo ukiendelea. Young alimfokea mwalimu wake mbele ya watu wote na mbele ya kamera. Sisemi vijana wetu waige mfano huo; waalimu walioko hapa watanishika. Ninachosema ni kwamba mkimbiaji wa zamani angeweza siku ile kurudi kwenye miguu yake, aseme, "Boma hili halinifai, najitegemea mwenyewe." Hakufanya hivyo. Baada ya siku ile timu ilishinda michezo 10 mfululizo.

Msimu huo alipata alama 112.8, ambayo wakati huo ilikuwa rekodi ya ligi, na haikuvunjwa mpaka mwaka 2004. Pasi 35 zilizaa mabao, 10 tu zilinaswa. Mbio hakuziacha: alikimbia yadi 293 na kufunga mara 7 kwa miguu. Lakini sasa alikimbia baada ya kutazama. Tarehe 29 Januari 1995 mjini Miami walicheza fainali na San Diego, wakashinda 49 kwa 26, na Young peke yake alipiga pasi 6 za mabao, ambayo ni rekodi ya fainali hiyo. Na siku hiyo hiyo hakuna mtu wa timu yoyote aliyekimbia yadi nyingi kuliko yeye: alikimbia 49. Kwa hiyo, ndugu zangu, msije mkatoka hapa mkisema kwamba kusimama ni kuacha kukimbia. Miguu ilibaki ile ile. Ilichopata ni bwana.

Kwa kuwa mada ni michezo na masomo, niongeze kwamba katika miezi ambayo ligi ilikuwa imefungwa mtu huyu alikuwa akisoma sheria, na shahada yake aliipata mwaka 1994, mwaka ule ule wa rekodi. Hilo nawaachia vijana.

Kuna mchezo mmoja zaidi ninaotaka kuwasimulia. Ni tarehe 3 Januari 1999, hapo hapo Candlestick, dhidi ya Green Bay. Young ana miaka 37. Zimebaki sekunde 8, wako nyuma kwa pointi 4, wako yadi 25 kutoka kwenye bao. Anapokea mpira, anarudi nyuma, na kabla hajafika mahali pake anajikwaa. Anapepesuka. Karibu aanguke.

Mimi nilikuwa nyumbani mbele ya televisheni, nikajisemea kwamba sasa atakimbia, maana mwaka 1988 nilimwona akipepesuka vile vile. Hakukimbia. Alijizoa, akasimama, akatazama katikati ya uwanja palipojaa wapinzani, akautuma mpira kwenye upenyo ambao mimi sikuuona hata waliporudia picha. Aliyeudaka ni Terrell Owens, kijana ambaye siku hiyo hiyo alikuwa ameangusha pasi kadhaa. Bao. Walishinda 30 kwa 27. Kati ya kupepesuka kwa kwanza na kupepesuka kwa pili ipo miaka kumi, na elimu yote ninayoisema imo katikati yake. Na angalieni, aliyepewa muda akajifunza ndiye naye aliyempa nafasi nyingine kijana aliyekuwa akikosea mchana kutwa.

Septemba ya mwaka huo huo aligongwa kichwa vibaya katika mchezo na Arizona, hakucheza tena, akastaafu mwaka 2000. Mwaka 2005 aliingizwa katika Jumba la Mashujaa la mchezo huo, kwotabeki wa kwanza wa mkono wa kushoto kuingia humo.

Sasa nifike kwenye neno langu. Watu husema Young alifaulu kwa subira, na ni kweli. Lakini subira peke yake haitoshi kama hakuna anayekupa muda wa kusubiri. Mtu aliyeshinda michezo 3 katika 19 alipewa mwalimu, akapewa miaka minne ya kutazama, akalipwa mshahara wakati anajifunza. Si kila mwenye mbio alipata bahati hiyo.

Nimeishi Marekani nikiwa mtu mweusi, na nimesikia kwa masikio yangu jinsi walivyozungumzwa makwotabeki weusi kwa miaka mingi: huyu ana miguu, huyu ana kipaji cha kuzaliwa. Kusoma mchezo kuliachiwa wengine. Warren Moon aliongoza Chuo Kikuu cha Washington kushinda Rose Bowl mwanzoni mwa 1978, lakini mwaka huo hakuna timu hata moja ya ligi kuu iliyomchagua. Alikwenda Kanada, akashinda kombe la huko mara tano mfululizo na timu ya Edmonton, ndipo mwaka 1984 Houston wakamwita. Mwaka 2006 naye aliingia Jumba la Mashujaa, kwotabeki mweusi wa kwanza. Na msidhani ni mambo ya kale tu. Lamar Jackson alipotoka chuoni mwaka 2018 walikuwapo wakubwa waliosema hadharani aache ukwotabeki awe mpokeaji, kwa sababu anakimbia sana. Alichukuliwa wa 32, baada ya makwotabeki wengine wanne. Timu ya Baltimore ikampa muda na ikajenga mchezo wake juu ya kile alichokuwa nacho. Mwaka uliofuata alichaguliwa mchezaji bora kwa kura zote 50. Mwaka 2024 pasi zake 41 zilizaa mabao na 4 tu zilinaswa, naye bado alikimbia yadi 915.

Ndugu zangu, sisi nasi tulikuwa na majina tuliyopeana. Mnamkumbuka mwenzetu wa mita 400, ambaye sitamtaja. Alikuwa akiombewa ruhusa darasani ili akafanye mazoezi, na alipofeli mtihani wa muhula mmoja aliambiwa asijali, maana yeye ni wa miguu. Ilisemwa kwa upendo, na sote tulicheka, naye alicheka. Hakurudi muhula uliofuata. Hakuna aliyemwambia akae kidogo, atazame tena, yupo mpokeaji wa pili.

Mwenyekiti, chama chetu kina mfuko wa kuwasaidia wanafunzi wa shule yetu kwa gharama za bweni, sare na vitabu. Nimesoma kanuni zake. Zinasema kwamba mwanafunzi akishuka chini ya wastani kwa muhula mmoja, msaada hukatwa. Naelewa sababu: fedha ni chache, na waombaji ni wengi. Lakini muhula mmoja ni sekunde mbili na nusu. Mtoto aliyetoka kijijini akaingia Kidato cha Kwanza, lugha ya masomo ngeni, bweni geni, atafanya nini kama si kukimbilia lile analoliweza tayari?

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili, na naomba yaingizwe katika kumbukumbu za mkutano huu. La kwanza, msaada usikatwe kabla ya mwaka mzima wa masomo kupita. La pili, kila anayeshuka apewe mwanachama mmoja wa kumwandikia na kumtembelea, asaidiwe kuona kile ambacho hajakiona. Mimi niko tayari kuchukua wawili, na tofauti ya gharama kwa mwaka wa kwanza nitachangia robo yake.

Wamarekani walipoliita lile boma mfuko hawakuwa na habari na mfuko wetu. Lakini kazi ni moja, kumzuilia kijana hatari kwa muda unaomtosha kutazama mbele.

Naona Katibu ameangalia saa mara mbili. Sitaki aangalie ya tatu.